Kano ya Goti: Maabara Inaweza Kuotesha Nini?

(Mazungumzo na viongozi wa vikundi vya kujisaidia katika ukumbi wa parokia)

Mada ya leo si mbuzi wa maziwa wala mikopo. Mliiomba wenyewe. Tangu habari zienee kwamba kuna wataalamu wanaootesha kano za goti katika maabara, vikundi vitatu vimetuuliza swali lile lile: je, tufanye harambee ili kijana wetu apelekwe akawekewe mpya? Swali hilo linagusa goti la mtu na pia linagusa sanduku la kikundi. Kwa hiyo tumeona tulijibu polepole.

Kwanza tuelewane kano ni nini. Ukichinja ng'ombe na kutenganisha mguu kwenye kiungo, unakutana na zile kamba nyeupe ngumu zinazokitesa kisu. Nyingine hufunga msuli kwenye mfupa. Nyingine hufunga mfupa kwa mfupa, na hizi ndizo madaktari huita ligamenti. Sisi leo tutasema kano tu. Ndani kabisa ya goti la mtu ziko mbili zilizopishana kama msalaba, na ile ya mbele ndiyo inayotuletea taabu. Urefu wake ni kama sentimita 3, unene wake kama kidole. Lakini msiidharau. Kwa kijana mwenye afya huvutwa kwa uzito wa zaidi ya kilo 200 ndipo ikatike. Hayo ni magunia mawili ya mahindi na zaidi.

Hukatika namna gani? Mara nyingi hakuna hata aliyemgusa mtu. Mchezaji amekanyaga chini, mguu umekwama, mwili unageuka upande mwingine. Anasikia "ko!" ndani ya goti, na baada ya saa chache goti limejaa. Wasichana huumia hivi mara nyingi kuliko wavulana katika mchezo ule ule, kwa hiyo walimu wa netiboli na mpira mtusikie vizuri. Waendeshaji wa bodaboda nao wamo, pikipiki inapowalalia. Siku zinapita, uvimbe unashuka, mtu anafikiri amepona. Halafu anashuka mteremko na mtungi wa maji, na goti linamwacha. Linacheza, kama mlango ulioachia bawaba. Hapo ndipo wengi wanapopelekwa kukandwa. Sasa, tuseme wazi: kukanda hakuunganishi kamba iliyokatika, na kukanda goti lililojaa damu ni kuliumiza zaidi.

Mtatuuliza, mbona mfupa ukivunjika hushikana na kano hii haishikani? Jibu liko katika damu. Mahali popote mwili unapopasuka, damu huganda, na lile donge la damu ndilo daraja ambalo nyama mpya hupitia kutoka upande huu kwenda upande ule. Kano iliyo ubavuni mwa goti, upande wa ndani, ikipasuka mara nyingi hupona yenyewe kwa sababu donge hukaa mahali pake. Lakini kano ya katikati inakaa ndani ya majimaji ya goti. Majimaji hayo yana kazi nzuri ya kulainisha kiungo, ila huliyeyusha donge kabla halijamaliza kazi. Ncha mbili zinabaki zikitazamana kama majirani waliokosana mpaka wa shamba.

Madaktari walijaribu zamani kuzishona ncha hizo, na nyingi hazikushika. Basi njia iliyozoeleka mpaka leo ni kukata kipande cha kano mahali pengine katika mwili wa mgonjwa mwenyewe, mbele ya goti au nyuma ya paja, na kukipitisha katika matundu yaliyotobolewa mfupani. Au hutumia kano iliyotolewa na mtu aliyefariki. Ni njia nzuri na imesaidia wengi sana. Hata hivyo ina gharama yake. Ni kama kung'oa mlango wa stoo ili ufunge nyumba: nyumba imefungwa, na stoo imebaki wazi. Isitoshe, kile kipande kikishawekwa hufa kwanza, kisha seli za mwili hukiingia kidogo kidogo na kukifufua. Ndiyo maana mgonjwa hukatazwa kurudi uwanjani kwa muda wa miezi 9 hivi au zaidi.

Katika miaka ya 1980 walijaribu kamba za viwandani: nyuzi za kaboni, Dacron, Gore-Tex. Zilianza vizuri. Baadaye zikawa kama ile kamba ya nailoni ya kufungia ng'ombe, inayosuguana na mti ule ule kila siku: uzi mmoja unatoka, na mwingine, mpaka siku moja inakatika. Na vile vipande vya nyuzi vilivyomomonyoka vilichokoza goti likavimba. Kano ya Mungu pia husuguliwa kila siku, lakini hiyo iko hai na hujirekebisha. Nailoni haijirekebishi.

Hapo ndipo lilipotoka wazo la kuotesha kano iliyo hai. Wazo lenyewe halikuanza na goti. Mwaka 1983, watoto wawili ndugu huko Marekani waliungua karibu mwili mzima, nao waliokolewa kwa ngozi iliyooteshwa katika maabara kutoka kipande kidogo cha ngozi yao wenyewe, kwa njia aliyoianzisha Howard Green. Mwaka 1994 madaktari wa Uswidi walieleza jinsi walivyochukua seli za gegedu, ile nyama laini inayofunika ncha za mifupa, kutoka magoti ya watu 23, wakazizidisha maabarani na kuzirudisha. Ngozi na gegedu zilikubali. Kano imekuwa mwanafunzi mkaidi, kwa sababu yeye kazi yake ni kuvutwa. Ukiotesha kitu laini kama uji, hata kama ni hai, kitafaa nini ndani ya goti la mtu anayebeba kuni?

Mwaka 2002 Gregory Altman, David Kaplan na wenzao wa Chuo Kikuu cha Tufts, karibu na mji wa Boston, walieleza kazi mbili, na hapa tunaomba mtege masikio. Kazi ya kwanza ni ya kamba. Walichukua hariri, ile ile ya viwavi wanaokula majani ya mforosadi, ambao wataalamu wa icipe wamevifundisha vikundi vya hapa Kenya kuwafuga. Wakaiosha ule utomvu unaoufanya mwili uikatae, kisha wakaisokota: nyuzi kuwa kamba ndogo, kamba ndogo kuwa kamba kubwa, mpaka nguvu yake ikakaribia ya kano ya mtu. Kwa nini hariri? Kwa sababu nailoni haiozi kabisa, na vitu vingine vya mwilini huyeyuka upesi mno. Hariri hupungua nguvu polepole, kwa muda wa mwaka hivi. Ninyi wapanda maharagwe ya kutambaa mnaelewa. Mti wa kuegemeza ukianguka kabla mmea haujashika, umepoteza mmea. Wataalamu wanataka kiunzi kinachobeba mzigo leo na kuukabidhi kesho kwa kano changa.

Kazi ya pili ndiyo iliyotushangaza sisi zaidi. Ndani ya uboho wa mifupa kuna seli shina, ambazo ni kama kijana aliyemaliza shule na hajachagua kazi. Anaweza kuwa fundi wa mfupa, au wa gegedu, au wa kano. Wataalamu walizitia seli hizo katika uteute, wakazishika ncha mbili ndani ya mashine, na mashine ikawa inavuta na kupinda taratibu, kama goti linavyofanya mtu akitembea. Nyingine waliziacha zimetulia. Zilipewa chakula kile kile na joto lile lile, na hakuna dawa ya pekee iliyotiwa. Zile zilizovutwa zilijipanga kufuata upande wa kuvutwa, zikaanza kutengeneza vitu vile ambavyo seli za kano hutengeneza. Zilizoachwa hazikufanya hivyo. Yaani seli haikuambiwa kwa maneno wala kwa dawa, "wewe uwe kano". Ilivutwa, ikajua.

Wengine waliendelea mbele. Cato Laurencin, James Cooper na wenzao walisuka kiunzi kwa nyuzi zinazoyeyuka mwilini, wakikisuka kwa kupishanisha nyuzi kama vile kina mama hapa wanavyosuka mkanda wa kiondo. Msuko ukiwa na nafasi katikati, seli zinaingia na kukaa. Mwaka 2007 walieleza walivyokiweka katika magoti ya sungura. Sungura waliowekewa msuko uliopandwa seli zao walipona vizuri kuliko wale waliowekewa msuko mtupu. Huko Chuo Kikuu cha Michigan, Ellen Arruda, Lisa Larkin na wenzao hawakutumia kiunzi kabisa. Walitandaza seli za uboho sahanini mpaka zikawa kama utando, na utando ukajikunja wenyewe kama mkeka. Waliutia vipande vya mfupa uliooteshwa kwenye ncha mbili, maana kamba bila mahali pa kufungia haina faida. Mwaka 2012 walieleza kwamba ndani ya magoti ya kondoo, baada ya miezi 6, kano hizo zilikuwa zimekomaa na kuingiwa na mishipa ya damu, ingawa hazijafikia ugumu wote wa kano ya kuzaliwa nayo.

Mmesikia: sungura, na kondoo. Tumetaja wanyama makusudi. Sungura hachezi mpira, na kondoo ana miguu minne ya kugawana mzigo.

Kitu kimoja cha namna hii kimefika kwa watu hospitalini, na tunapenda mkielewe vizuri kwa sababu ndicho kinachochanganywa na habari za "kano ya maabara". Daktari Martha Murray wa hospitali ya watoto ya Boston hakuotesha kano. Yeye alirudi kwenye lile donge la damu. Alisema, kama majimaji yanaliyeyusha, basi tulipe nyumba. Alitengeneza kitu kama sifongo kutokana na kolajeni ya ng'ombe, iliyosafishwa. Daktari hukiweka katikati ya ncha mbili zilizokatika, hukilowesha damu ya mgonjwa mwenyewe, na hushona. Sifongo hulishika donge, ncha zinavuka, na katika wiki 8 hivi sifongo chenyewe kimeisha. Watu wa kwanza walifanyiwa mwaka 2015. Baadaye wagonjwa 100 waligawanywa, 65 wakapata sifongo na 35 wakawekewa kano iliyokatwa kwao wenyewe. Baada ya miaka miwili hali ya magoti ilikaribiana, na kukatika tena kulitokea pande zote mbili. Mwezi Desemba 2020 FDA, shirika la serikali ya Marekani linalopima dawa na vifaa vya tiba, liliruhusu kitumike. Lakini liliweka masharti. Mgonjwa awe na miaka 14 au zaidi na mifupa iliyokomaa, kisiki cha kano kiwe bado kimeshikilia mfupa wa chini, na upasuaji ufanyike kabla ya siku 50 tangu kuumia. Siku 50! Sisi hapa, ndugu zetu, siku 50 zikiisha mtu bado yuko kwa mkandaji wa tatu.

Sasa turudi kwa harambee. Mwaka jana kikundi kimoja kilitujia. Kijana wao, mbeba maziwa kwa pikipiki, alikuwa ameumia goti, na mtu wa kliniki fulani mjini alikuwa amewaambia kwamba sindano tatu za "seli" zitaotesha kano mpya. Bei yake ingeweza kununua ng'ombe wawili wa maziwa. Mweka hazina, mama mwenye busara sana, aliuliza swali moja tu: "Hizo seli zikishaingia, zitajuaje pa kwenda?" Yule mtu hakuwa na jibu, alikuwa na karatasi yenye picha za rangi. Wataalamu tuliowataja wamehangaika miaka zaidi ya ishirini na viunzi, misuko na mashine za kuvuta, kwa sababu wanajua seli iliyomwagwa ndani ya goti haijengi kamba kati ya mifupa miwili. Kama ingekuwa kazi ya sindano, wangeshona viunzi vya nini? Hata hiyo FDA imewaonya wananchi wake mara nyingi juu ya watu wanaouza sindano za seli shina zisizoidhinishwa. Akija mtu kwenu na habari hiyo, mwombeni karatasi ya kibali cha wizara ya afya kwa tiba hiyo hiyo, si leseni ya jengo, na msimpe hata shilingi ya "kuandikisha".

Kijana yule alipelekwa hospitali ya rufaa. Alipimwa, picha ikachukuliwa, kano ilikuwa imekatika kweli. Daktari hakukimbilia kisu. Alimpeleka kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo, kwa miezi mitatu, kisha waangalie. Kikundi kilinung'unika. "Tumechanga nauli yote hii, ndugu yetu anapewa mazoezi?" Sisi tunasema daktari yule alikuwa na msingi. Mwaka 2010 Richard Frobell na wenzake wa Uswidi walichapisha habari za vijana 121 waliokatika kano hii, wa miaka 18 mpaka 35, watu wa michezo na shughuli. Kundi moja lilipasuliwa mapema na kufanya mazoezi. Kundi la pili, watu 59, lilianza na mazoezi tu, na upasuaji ukawekwa akiba kwa atakayeuhitaji. Baada ya miaka miwili magoti ya makundi mawili hayakutofautiana. Kati ya wale 59, waliokuwa wamepasuliwa ni 23. Baada ya miaka mitano walifika 30. Waliobaki 29 waliishi na mazoezi yao.

Msitafsiri vibaya, tafadhali. Hatusemi msiende hospitali. Mazoezi ya Uswidi yalisimamiwa na wataalamu, wiki baada ya wiki, si kukimbia ovyo barabarani. Na goti linaloendelea kumwacha mtu husaga gegedu, na gegedu likisagika amezeeka goti akiwa kijana. Wapo wanaohitaji kisu, na hao tuwachangie bila kunung'unika. Ila kisu nacho hakimalizi kazi. Aliyewekewa kano mpya na akakaa kitandani, seli zinazoingia kwenye kano ile hazina wa kuzivuta. Mkichanga pesa za upasuaji na hamkuchanga nauli za mazoezi ya miezi 9, mmejenga nyumba bila paa. Hili ndilo tunaloona vikundi vinalisahau, kwa sababu nauli ya kila wiki haina sherehe kama harambee.

Katekista mmoja alitutumia swali kwa maandishi: je, Mkristo anaruhusiwa tiba ya seli shina? Swali zuri. Mwaka 2008 Idara ya Mafundisho ya Imani ya Vatikani ilitoa hati iitwayo Dignitas Personae. Inasema kuchukua seli shina kwa mtu mzima, au katika damu ya kitovu wakati wa kuzaliwa, bila kumdhuru yeyote, ni halali. Isiyokubalika ni ile ya kumwua mtoto aliye bado mimba changa ili zichukuliwe seli zake. Seli za uboho tulizozieleza ziko upande wa halali. Sifongo cha ng'ombe pia kisiwape shida, si zaidi ya supu mnayokunywa. Na kuhusu kano ya marehemu, Papa Yohane Paulo wa Pili aliwaambia madaktari huko Roma mwezi Agosti 2000 kwamba kutoa kiungo ni tendo la upendo, na kukiuza ni kosa. Kwa hiyo mtu akiwaambia "nunua kiungo", ondokeni.

Basi, kabla ya chai tusimame tuoneshane jambo moja ambalo mtaalamu wa mazoezi hufundisha mwanzoni. Mwenye goti lililovimba leo, au aliyepasuliwa na hajaruhusiwa, asifanye, akae atazame. Wengine kaeni kwenye mkeka, mguu umenyooka. Kunja leso, iweke chini ya goti. Sasa bonyeza leso kwa goti, msuli wa mbele ya paja ukaze mpaka uwe kama jiwe. Mama, usizuie pumzi! Hesabu mpaka tano, legeza. Tena. Mara kumi, halafu mguu wa pili. Mwenyekiti ataandika majina ya wenye wagonjwa wa magoti nyumbani, na tarehe walipoumia. Tarehe ni muhimu, msiikisie.